Mzee Niliyemwondoa Langoni

Siku ile niliyomwambia mzee wa watu anipishe, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya birika lake. Nawe umeniambia unakwenda Bagamoyo na hiyo kamera mpya, kupiga picha majengo ya zamani. Haya, zima simu, ukae hapo unisikilize.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa nasomea upigaji picha hapa Washington, na kiburi nilikuwa nacho, usione nimetulia leo. Profesa wetu akatuchukua hadi Pakistani, tukahifadhi kumbukumbu za ngome na sarai kando ya barabara kongwe ya biashara. Sarai ni nyumba za kupumzikia wasafiri zilizojengwa enzi za wafalme wa Kimughal, waliotawala Bara Hindi zamani: ua mpana, vyumba kuuzunguka, na lango refu la matofali. Kazi yetu ilikuwa na kanuni: jengo lipigwe tupu. Waliokuwa wakiishi humo tuliwaomba waanue nguo, watoe vitanda, watoto wakacheze mbali. Hiyo ndiyo tuliyoiita picha safi.

Langoni mwa sarai moja alikaa mzee muuza chai. Kuniona tu na kanga yangu begani, akaita, "Mama, karibu chai!" Kiswahili, mwanangu, tena cha Mombasa! Nikapokea kikombe huku nikicheka, nusura nimwage chai. Akaniambia kazaliwa huko, akarudishwa Pakistani kwa babu yake angali kijana. Alitaka kuongea, maskini, miaka yote hiyo hakuwa na wa kuongea naye Kiswahili. Lakini jua lilikuwa linashuka, na mwanga ndio ule niliokuwa nausubiri.

"Babu, hebu nipishe kidogo," nikamwambia, "picha itoke vizuri."

Hakubisha. Alibeba birika lake la kijani, akaburuta benchi, akaja kusimama nyuma yangu. Nikapiga. Nilipomaliza wenzangu walishaingia garini, nikampungia mkono tu.

Picha ile ikatundikwa ukumbini chuoni kwetu, nami nikampeleka Bi Zubeda akaione. Bi Zubeda alikuwa jirani yangu pale mtaani Langley Park, Mpunjabi wa Mombasa, asili yao hukohuko Pakistani, ndiye aliyenilisha pilau nilipokuwa sina ndugu mji huu. Kwa mbwembwe zangu nikamsimulia kisa cha muuza chai, nikidhani atacheka. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Jina lake nani?"

Sikuwa nimemuuliza yule mzee.

"Ana kovu hapa, juu ya jicho?"

Loh! Sikuwa nimemtazama kiasi hicho. Ndipo akaniambia habari za kaka yake Yusufu, aliyepelekwa kwa babu yao upande huohuo, barua zake zikakatika. Akaisogelea picha, akaikagua pembe hadi pembe, kama mtu aliyeangusha sindano mkekani.

"Mbona hapa hamna mtu?"

"Tulimtoa, Bi Zubeda. Tulitaka lango lionekane."

"Lango hili lilijengwa ili watu wapumzike," akasema polepole. "Nyie mkawafukuza. Sasa mimi nimtazame nani?"

Nilimpigia simu dereva wetu wa kule. Akaenda kuuliza. Mzee alikuwa ameshafariki, na pale kila mtu alimwita Mzee wa Chai tu. Tangu hapo Bi Zubeda kila aliponiona aliniuliza: alikuwa mrefu? Alicheka vipi? Bi Zubeda naye alizikwa hajui kama yule ndiye Yusufu wake, na mimi mpaka leo sijui. Inaniuma, mwanangu, sikufichi.

Basi nenda Bagamoyo. Ukimkuta mtu kakaa mlangoni, mwache akae. Msalimie, muulize jina na kwao, kunywa chai yake uimalize, ndipo uinue kamera. Mwanga ukikupita, kesho jua litashuka tena. Mungu akulinde njiani, ayape macho yako subira, na kila atakayekuja kumtafuta wake kwenye picha zako, amkute.