Wakili wa Waturuki Barazani Kikwajuni

Nusura nikose mume kwa ajili ya Waturuki, watu ambao mpaka leo sijapata kumwona hata mmoja kwa macho yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwetu kisiwani, mtaa wa Kikwajuni. Baba yangu alikuwa fundi saa. Kila baada ya sala ya alasiri alikaa baraza ya jirani, ambako palikuwa na redio ya betri na wazee sita wanaojua kila kitu. Baraza ile ilipakana na dirisha letu, na mimi nilikuwa ndani nikishona kofia ya viua, ile ya vitundu vya kudarizi kwa mkono. Mwanamke hakai baraza ya wanaume, lakini masikio yangu yalikaa, tena mbele kabisa.

Siku hizo redio ilileta habari za kesi ya Uturuki. Kulikuwa na kikundi cha vijana waliolipenda taifa lao mpaka wakapitiliza. Waliamini hapana watu duniani mfano wa Waturuki, na mwanafunzi aliyebisha walimpiga marungu. Sasa wakubwa wao wameshitakiwa, na serikali inataka kikundi kipigwe marufuku. Baba aliwachukia utadhani wamempiga yeye.

Lakini baraza ilikuwa na ada yake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na wazee wale hawakulipenda neno hilo. Basi waliweka sharti: hasemwi mtu pale bila wa kumtetea, na mtetezi ni yule anayefika mwisho. Ukichelewa, kesi yako, upende usipende.

Aliyechelewa kila siku alikuwa kijana mmoja wa ghala la karafuu. Barua yake ya kuniposa ilikuwa kwa baba, ikingoja jibu. Na mimi nilikuwa nikingoja, sifichi, nilimpenda.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba. Kaa, Waturuki wako wanakungoja!"

Akaanza. Nani kaona? Shahidi wa jana mbona kasema vingine leo? Mwenye rungu ni mmoja, mnafunga mia? Wazee wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Baba hakucheka. Jioni moja aliingia ndani akamwambia mama, "Ile barua irudishwe. Anayewatetea wahuni vile, moyo wake uko kwao."

"Si ada yenu wenyewe?" mama akauliza.

"Ada haimpi mtu ulimi mtamu kiasi kile. Nshasema."

Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilikasirika, na hasira ilinifaa zaidi. Baba aliporudi kutoka msikitini nikamwambia, "Baba, uzi umen'ishia, na kofia yatakiwa kesho." Uzi nilikuwa nimeukalia. Maskini baba, akaenda zake sokoni Darajani akinung'unika, na kwa vile nilitaka rangi isiyopatikana kwa urahisi, alizunguka duka baada ya duka.

Aliporudi, baraza imejaa. Kijana wa karafuu ameshafika, amekaa. Wazee wakapiga makofi. "Karibu, Bwana Fundi! Leo kesi yako!"

Baba alijaribu kusingizia kichwa kinamuuma. Hawakumwacha. Akaanza kwa sauti ya mgonjwa, kisha, namjua baba yangu, akanoga. "Mimi siwapendi! Nnakwambieni siwapendi! Lakini mtu hafungwi kwa kuwa hapendwi. Iulizwe kafanya nini, na awepo wa kumsemea. Mtu akisimama peke yake mbele ya hakimu, hana wa kumsemea, hiyo ni kesi hiyo?"

Wazee wakaweka vikombe chini. Mahakama zetu za wananchi wakati ule hazikuruhusu mawakili, na kila mmoja pale alikuwa na ndugu au rafiki aliyesimama peke yake. Jirani akakohoa, akaongeza sauti ya redio, maneno yasifike njiani. Mimi sindano ilinichoma kidole nisihisi.

Baba aliingia ndani, akaniwekea uzi mapajani. Alimgeukia mama.

"Barua ya yule kijana ijibiwe. Mwambieni nimekubali." Akavua kofia yake, akakaa kitako kwenye mkeka. "Siku na mimi kesi ikinifika, nnamtaka yule anisemee."