Bodi ya Nne ya Philomena

Mkoa wetu wa Manyara ulipoanzishwa, Philomena wa Nangwa alikuwa ameshaunda pikipiki tatu za magurudumu matatu za kubebea mahindi. Bodi ya kwanza, yaani sanduku la mzigo, ilikuwa ya mbao, jua likaipasua. Ya pili aliichomelea kwa mabati ya mapipa. Ilipiga kelele mpaka ng'ombe wa Yaeda Chini wakawa wanatimka. Ya tatu ilikuwa ya plastiki kutoka Arusha. Mawe ya njiani yaliimaliza.

Ya nne akaisuka kwa fito kama kihenge cha nafaka, akaikandika kwa mavi ya ng'ombe. Mji mzima wa Katesh ulicheka. Philomena akapakia magunia, akashuka nayo Yaeda Chini, akarudi nayo nzima.

Ndipo akaja kuinunua Urban, kijana wa palepale Nangwa, siku hizi karani mjini.

"Shikamoo, mama. Naichukua, ila uipake rangi kwanza. Hayo mavi yanatia aibu."

Philomena aliifunika kwa turubai.

"Basi siuzi. Nyumba ulimozaliwa niliikandika mimi na mama yako, kwa mavi hayohayo. Nenda kamwambie yanatia aibu, halafu urudi."

Urban hajarudi.