Uso Uliocheka Msibani

Mimi ni Maduhu, fundi umeme hapa Bariadi. Wanaonijua wataguna, maana mdomo wangu haujui likizo. Basi sikilizeni: mdomo huu ulifungwa siku kumi na nane, na muda wote huo niko macho, nasikia kila kitu.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima kabisa, mwenye kichwa kigumu. Nikiwa chuo Arusha nilijifunza kupanda ukuta wa mazoezi, ule wa ndani, wenye vishikio vya plastiki vya rangi rangi, kamba juu na godoro chini. Niliupenda kupita kiasi. Niliporudi nyumbani, wenzangu wawili wa kule wakanipigia simu: tupange safari, kwa mara ya kwanza tupande mwamba wa kweli. Nikawaambia njooni Meatu, nyuma ya zizi la mjomba wangu Shija kuna jiwe refu kuliko kanisa.

Nikapanga, jamani, nikapanga! Kamba, kofia ngumu, viatu, maji, bodaboda wa mizigo, daftari likajaa kurasa nne. Kilichobaki ni kwenda kulikagua jiwe lenyewe.

Nilifika kwa mjomba, upande wa Mwanhuzi, saa sita mchana. Pale jiweni hapakuwa na upepo, wala ndege, wala mbuzi. Pimbi walikuwa wamejipanga juu, kimya, wananitazama. Ubavuni mwa jiwe palikuwa na michirizi myeupe, kama ile poda tunayojipaka viganjani tukipanda, nikadhani kuna mtu alishatangulia. Nikamuuliza mjomba.

"Hapo hajapanda mtu," akasema. "Huo ni mkojo wa pimbi. Na wewe shuka, jiwe hilo halizoewi."

Nikacheka. Nilipanda kimo cha dari tu, nikashuka, nikapanda tena. Kumbe jiwe la kweli lina meno. Viganja vikachunika, ngozi ikaning'inia, jasho na damu vikanitelezesha. Poda yangu nilikuwa naitunza kwa ajili ya safari. Sasa sikieni ujinga wangu: zizini kulikuwa na vumbi, samadi iliyokauka ikasagwa na kwato mpaka ikawa laini kama unga wa muhogo. Nikachota, nikajipaka viganja vyote viwili. Halafu nikafunga plasta juu yake, nikaendelea kupanda. Tena nikajiona mjanja.

Siku ya nane nimesharudi Bariadi, vidonda vinafunga, taya likaanza kukaza. Nikadhani ni jino. Jioni tonge la ugali likagoma kuingia mdomoni. Kesho yake palikuwa na msiba kwa jirani, nikaenda kukaa na wanaume. Mzee mmoja akanitazama sana.

"Kijana, unachekea nini?"

Nikasema kwa shida, sicheki. Mwingine akainuka. "Maiti iko ndani na wewe unakenua meno!"

Nikajishika uso. Midomo ilikuwa imevutika pembeni, meno yote nje, na moyoni mwangu hofu tupu. Nikaivuta kwa vidole irudi, haikurudi. Watu wakaanza kusogeza viti mbali nami. Niliogopa uso wangu mwenyewe.

Nyumbani mayu, mama yetu, aliponiona alishika kichwa. Akampigia mjomba. Sauti ya mjomba ilisikika chumba kizima: "Nilimkanya! Jiwe limemshika. Mleteni huku, yupo mganga wa mambo hayo." Mayu akaanza kukunja nguo za safari. Wakati huo shingo imekakamaa, mgongo unajivuta wenyewe kwenda nyuma. Dada yangu Kabula, mjamzito wa miezi saba, akasimama mlangoni.

"Haendi kwa mganga. Kliniki wametuchoma sindano ya pepopunda, na nesi alisema taya likikaza, kimbia hospitali."

"Huo si ugonjwa wa vichanga?" mayu akauliza.

"Na wa wenye vidonda." Akanigeuza viganja, akamwonyesha. Mayu akaziacha nguo pale pale, tukapanda bajaji.

Daktari aliuliza nilichanjwa lini. Nikaandika kwenye karatasi: labda utotoni. Akatikisa kichwa. "Taya si kitu," akawaambia. "Ninachogombania hapa ni pumzi yake."

Wakaniosha vidonda, wakanichoma sindano, wakaniweka chumba cha giza. Mlango ukigongwa tu, mwili unaruka. Mgongo unapinda mpaka kinachogusa kitanda ni kisogo na visigino, na kifua kinagoma. Mchana mmoja mtu aliangusha ndoo nje. Nikahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tisa, hewa haijaja. Na akili yako ni nzima, ndugu zangu! Unajua kabisa kwamba unakufa.

Daktari akamwambia mayu, "Ukitaka kukaa humu, usiongee. Na usilie. Sauti inaweza kumkata pumzi." Mama wa Kisukuma, umwambie asilie! Akakaa. Nilikuwa naona kivuli chake kinatikisika gizani bila sauti. Kuna siku nilidhani nimeshavuka, na yule ni mtu wa upande wa pili aliyekuja kunipokea.

Dawa zilinilegeza pole pole. Siku moja kijiko cha uji kikapita katikati ya meno. Nikasema, "Mayu." Sauti mbovu, lakini mwili haukuruka. Mayu akamgeukia daktari, akanong'ona, "Sasa naruhusiwa kulia?"

"Lia, mama."

Ee, alilia! Wodi nzima walijua.

Namshukuru Mungu, namshukuru Kabula, nawashukuru waliokesha nami. Kuugua pepopunda hakukupi kinga, daktari alinichanja ndipo akaniruhusu kutoka. Safari yetu ipo, ila nimewaambia wenzangu hakuna kugusa kamba bila kadi ya chanjo. Na ninyi wachunga ng'ombe, wachuma pamba, mafundi, wanaume hasa: wanawake huitwa kliniki, sisi nani atatuita? Jipelekeni. Kidonda ni maji na sabuni, si samadi. Taya likikaza, msingoje kikao cha ukoo.

Mayu bado huingia chumbani nikilala mchana. Huweka kiganja kifuani kwangu, husubiri kifua kiinuke kwa pumzi, kisha hutoka taratibu. Kachanjweni, jamani, mama zenu wapate usingizi.