Kikopo cha Mama Shani

Nakuambia mapema ili tusisumbuane mbele ya safari: haya yalinikuta mimi mwenyewe, macho yakiwa wazi, na wala sikuwa na homa. Walioniambia kwamba niliota ni wengi, na mmoja wao ni daktari. Huwa nawajibu kwamba ndoto haiachi kikopo. Kikopo nilikishika kwa mkono huu, nikakiandika kwenye daftari, kikaenda maabara, na maabara wakatoa majibu. Wewe sikiliza kwanza, kuamua utaamua baadaye.

Kazi yangu ni makohozi. Usikunje uso. Kuna watafiti wanaochunguza kifua kikuu kwa watu wanaoponda kokoto, kwa sababu vumbi la mawe likishaingia mapafuni linayachakaza, na ugonjwa ukija unakuta mlango uko wazi. Mimi si daktari. Ni mhudumu wa afya wa mtaani tu, niliyechukuliwa na mradi kwa kuwa Kunduchi yangu naijua pamoja na machimbo yake, na kuamka mapema hakunisumbui. Makohozi yanayotakiwa ni yale ya kuamkia, kabla mtu hajapiga mswaki wala kunywa chai. Kwa hiyo kila siku ya kazi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi la mama ntilie pale juu ya shimo, na daftari langu na deli la barafu kama la wauza aiskrimu, nikipokea vikopo. Waliniita Dada Vikopo. Jina likanikaa, wala sikulichukia.

Kazi niliipenda, lakini nilikuwa mkali, na ukali wangu niliuonea fahari. Kikopo kikija nakimulika kwa tochi, nakitikisa. Yakiwa mazito nakipokea. Yakiwa maji yenye povu, hayo ni mate, na mate hayaoneshi kitu, basi nakirudisha hapo hapo. Maabara walinisifu kwamba vikopo vyangu havina mchezo.

Mama Shani alikuja mara ya kwanza mwanzoni mwa kipupwe. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, ameponda kokoto miaka mingi, na kikohozi chake tulikisikia kabla hajatokeza. Kandambili zake zilikuwa za mchanganyiko, ya kulia bluu, ya kushoto kijani. Nikamwamkia, nikainua kikopo chake, nikaona povu.

"Haya mate, mama," nikamwambia. "Mie nataka makohozi. Vuta huku chini, kifuani."

"Kifua hakina nguvu, mwanangu."

"Sasa ule mkohoo tuliousikia unapanda kilima ulikuwa wa nani? Au ulikuwa unaimba?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Naye akacheka kidogo, ameziba mdomo kwa pindo la kanga. Nikampa kikopo kipya, nimekiandika namba yake ubavuni kwa wino mzito. Hatuandiki kwenye kifuniko, maana vifuniko huweza kubadilishana. Nikamwambia arudi kesho. Alikuwa ameshapiga hatua mbili aliposimama.

"Eti ni kweli mkimkuta mtu nao, mnakwenda kwake mnapima wote?"

"Kila anayelala chini ya paa lake. Ndiyo taratibu."

"Na mkikuta mate?"

"Mate hayatupeleki popote, mama."

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Mbele ya namba yake nikaandika neno moja, "hakurudi", nikageuza ukurasa. Ningeweza kumfuata? Ningeweza. Kwake ni mwendo wa robo saa. Lakini taratibu hazikusema nimfuate, na mimi nilikuwa mtu wa taratibu.

Zikapita wiki tano. Sasa tega sikio, maana hapa ndipo watu huanza kunikatiza.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Siku nyingine wakati wa kipupwe ukungu hupanda kutoka baharini ukakutana na vumbi la jana ambalo bado halijalala, vyote viwili vikawa kitu kimoja cheupe, kimetulia, hujui unavuta nini. Adhana ilikuwa imekwisha. Mama ntilie alikuwa hajafika. Yale maji ya kijani yaliyotuama chini ya shimo sikuyaona kabisa, ila nilisikia nyundo moja, ko, ko, ko, polepole, ya mtu aliyewahi kazini. Nilikuwa macho, niamini, lakini macho yale ya alfajiri, mwili umeamka na mawazo bado yanajinyoosha. Nilipata utulivu ambao sijaupata tena mpaka leo. Nakumbuka niliwaza kwamba naweza kukaa pale mpaka saa nne na nisichoke.

Nyundo ikanyamaza. Nikamwona Mama Shani amekaa pembeni yangu.

Sisemi alikuja. Nasema alikuwa amekaa. Alikuwa mweupe toka kichwani mpaka nyayoni, na hilo lisikushtue, machimboni wote tunakuwa weupe. Ukitaka kumtambua mzimu kwa vumbi utamkimbia mpaka shemeji yako. Najua unataka kuniuliza kama nilitazama miguu. Nilitazama. Miguu ya binadamu, kandambili moja bluu, moja kijani.

"Shikamoo, Mama Shani. Ulipotea."

"Marahaba, mwanangu. Nilichelewa."

Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Akatoa kikopo ndani ya kanga, akanipa. Kilikuwa kile kile, namba ile ubavuni, mwandiko wangu mwenyewe. Nikawasha tochi. Makohozi mazito, yenye uzi mwekundu wa damu. Kilikuwa kikopo kizuri, na uniwie radhi kwa neno hilo, kazini ndivyo tunavyosema. Jambo moja tu mkono wangu uliling'amua kabla yangu. Kikopo cha kuamkia huja na uvuguvugu wa mwili. Kile kilikuwa baridi, na kilikuwa hakijagusa barafu.

"Leo umeleta," nikamwambia.

"Yatawatosha?"

"Yanatosha kabisa."

"Basi mtakuja nyumbani?"

"Majibu yakionesha, tunakuja."

"Yataonesha. Njooni. Msichelewe kama mie."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu akae hajakohoa hata mara moja.

"Na kikohozi je, mama?"

"Kimeniacha," akasema.

Nikafurahi kwa ajili yake. Unauona ujinga wangu? Mtu ananipa makohozi ya damu, ananiambia hakohoi, na mimi nafurahi. Ningemuuliza umeyatoa wapi, sijui angenijibu nini. Lakini katika utulivu ule kila kitu kilionekana kiko sawa, kama unavyoona mambo yako sawa ukiwa usingizini, mpaka uamke uanze kuyahesabu.

Nikainama kukipanga kikopo kwenye deli. Nilipoinuka alikuwa hayupo. Sikusikia hatua. Upande wangu wa benchi vumbi lilikuwa limefutika nilipokaa. Upande wake lilikuwa limelala sawasawa, halijaguswa. Nikajiambia ameteremka shimoni. Mtu ukitaka kujidanganya hukosi la kujiambia.

Majibu yakaja siku ya tatu. Yalionesha. Kifua kikuu, tena vimelea vingi. Jioni nikachukua karatasi yangu nikaenda kwake, na nakiri nilikwenda na fahari kidogo, mtu wa taratibu nikitimiza taratibu.

Nje ya nyumba palikuwa na turubai. Masufuria makubwa yalikuwa jikoni, wanawake wamekaa kwenye mkeka wanamenya vitunguu, na harufu ya pilau imejaa uani. Nikadhani wana shughuli ya harusi.

"Hodi. Namuulizia Mama Shani, nimemletea majibu yake."

Visu vikasimama. Mama mmoja mtu mzima, dada yake kama nilivyokuja kujua, akanitazama bila hasira.

"Majibu gani, mwanangu? Leo ndiyo tunamsomea arobaini yake."

Alikuwa amefariki usiku wa siku ile ile niliyomrudisha na mate yake. Alianza kukohoa baada ya isha, ikaja damu, na kabla hawajapata gari alikuwa ameshakwenda. Ile kesho niliyomwambia arudi, hakuifikia.

Sikujua nimekaaje. Nilijikuta niko chini kwenye mkeka, karatasi mkononi, na nalia mbele ya watu nisiowajua. Wao wakadhani nalia kwa huruma. Nililia kwa aibu. Nilimwona akiziba mdomo kwa pindo la kanga huku foleni nzima inamcheka, na aliyewachekesha ni mimi.

Ndipo nikasikia kikohozi mlangoni. Alikuwa amesimama mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa miezi michache begani, sura ya mama yake tupu. Miguuni alikuwa na kandambili, ya kulia bluu, ya kushoto kijani.

"Wewe ndiye Shani?"

"Ndiye mie. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeanza lini kukohoa?"

"Ah, vumbi tu hili. Nimechukua nyundo ya mama." Akakohoa tena, amegeuzia uso pembeni ili asimkoholee mtoto. "Lakini nilianza hata kabla hajafa. Alikuwa ananisumbua nije kwako, nikamwambia tangulia wewe. Akasema sawa, akikutwa nao yeye, nyie mtakuja wenyewe mpaka ndani, hata mie na mtoto mtatupima."

"Na kikopo nilichompa?"

"Alikiweka juu ya kabati usiku ule, akisema alfajiri ajaribu tena. Baada ya msiba nikakitafuta, sikukiona."

Habari ya asubuhi ile ya ukungu sikumpa. Ningemwambia nini, siku ya arobaini ya mama yake? Nilimwomba mtoto amwachie mama yake mkubwa, kesho yake alfajiri nikawa mlangoni kwake, tukakaa nyuma ya nyumba palipo na hewa. Kwanza yakaja mate. Nikayapokea. Nikamwambia pumzika, tena, vuta polepole, mie sina haraka. Jua lilikuwa limeshatoka alipofanikiwa. Nikamulika. Mazito, na uzi mwekundu ule ule.

Majibu yake yalikuwa kama yale ya mama yake. Akaanzishiwa dawa wiki ile ile, mtoto akapewa za kinga. Daktari wa zahanati alisema kwamba kwa mapafu aliyoyaona, miezi michache zaidi ya kuponda mawe na kusubiri, asingekuwa na la kufanya.

Daktari wa utafiti ndiye aliyenikalisha kitako kuhusu kile kikopo cha asubuhi ya ukungu. "Umechanganya," akasema. "Umechukua makohozi ya mtu mwingine ukaandika namba ya marehemu." Nikampa daftari. Siku ile nilipokea vikopo tisa, na tulipita wote tisa, mmoja mmoja. Wanane walikuwa hai, kila mmoja na kikopo chake na majibu yake. Hakuna aliyepungua. Akapiga mstari juu ya namba ya Mama Shani kwa rula, kwa sababu sampuli ya marehemu haiwezi kuhesabiwa, akafunga daftari. Hatujalizungumza tena. Simlaumu, utafiti ni utafiti.

Shani alimaliza dawa zake. Nyundo aliiacha, siku hizi anauza vitumbua karibu na kituo cha bajaji, na mtoto wake anakimbia huku na huku akimtia presha. Kandambili za mama yake kaziweka kabatini.

Mimi bado niko kwenye benchi lile. Mate nayapokea, namkalisha mwenyewe pembeni yangu, namfundisha kuvuta pumzi mpaka aweze. Asiyerudi, siku hiyo hiyo jioni niko mlangoni kwake, taratibu ziseme zisiseme. Wageni hushangaa kwa nini nakaa ukingoni mwa benchi wakati nafasi ipo. Siwaelezi. Zikija asubuhi za ukungu, na chini shimoni ikalia nyundo moja, huwa natoa shikamoo bila kugeuka. Sijajibiwa, na nashukuru kwamba sijajibiwa, maana nikisikia marahaba nitajua kuna mlango wa mgonjwa nimeupita bila kubisha hodi.

Kwa hiyo wewe mwenye kazi ya kupokea watu, iwe dirishani au mezani, kabla hujamwambia mtu arudi kesho, mtazame vizuri kwanza. Na wewe unayenisikiliza huku wiki ya tatu unakohoa na kusingizia vumbi, nenda kapime. Usingoje mama yako atoke kaburini kukupelekea kikopo.