Basi Lisilosimama Nakapanya

Shemeji yangu, mume wa dada, alinunua kompyuta miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye uwezo pale Songea akawa analeta mashine ya aina yake. Yake ilikuwa ya kuweka majina na michoro kwenye mikanda ya video za harusi. Tulikubaliana yeye atafute wateja, mimi nijifunze programu. Nilijifunza peke yangu, maelezo ya Kiingereza kwenye skrini na kamusi mapajani, umeme ukiwepo.

Kuufanya mchoro utembee ni rahisi kueleza. Chini ya skrini kuna mstari wa muda. Unaweka alama mwanzoni, kitu kikiwa hapa, na alama nyingine mbele, kitu kikiwa pale. Safari ya katikati mashine inaijaza yenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyolitembeza basi la mzee mmoja wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho aliyeanzisha safari za Songea hadi Masasi. Alitaka tangazo la kuonyeshwa kwenye mabanda ya video kabla ya filamu. Nilichora magurudumu, vumbi, milima ya Matogoro ikibaki nyuma, na vibao vya vituo vya njiani hadi Masasi. Alipokuja kuliona alipiga makofi.

"Mashallah! Fundi wa hii ni nani?"

"Mimi," shemeji akajibu, kisha akanionyesha kwa kidevu. "Huyu shemeji yangu ananisaidia kufagia na kuwasha mashine."

Wakacheka. Bahati mbaya wakati huo nilikuwa nimeshika ufagio kweli.

Dada aliniambia niachane naye, wanaume ndivyo wanavyojisifu mbele ya wateja. Sikuachana naye. Niliendelea kumwamkia na kumpelekea chai, huku nikitafuta pa kumbania. Nilitaka aseme kwa mdomo wake, mbele ya mzee yule yule, kwamba basi ni langu.

Nilipajua pa kumbania. Kwa kuchungulia begani kwangu alikuwa amejifunza kuweka alama, akadhani amemaliza. Hakujua kwamba kitu kikitakiwa kisimame njiani, pale pale kinahitaji alama mbili zinazofanana: moja ya kufika, moja ya kuondoka. Ukiweka moja tu, kinafika na kupita.

Nikakutana na mzee sokoni.

"Shikamoo, mzee. Lile basi lako mbona linapita Nakapanya bila kusimama? Si ndiko kwa mama?"

Alishtuka. Mama yake alikuwa akiuza korosho za kukaanga kando ya barabara pale Nakapanya. "Wallahi umesema kweli, binti. Atasema nimemkimbia!"

Kesho yake akaja na kaka zake wawili, wote na kofia za Ijumaa.

"Hiyo kazi ndogo," shemeji akasema, akakaa kwenye kiti changu.

Akaweka alama yake moja. Basi likafika Nakapanya, likapita. Akalivuta kwa kipanya, likarudi kinyumenyume hadi Tunduru, kisha likaruka mbele.

"Hilo halina breki," kaka mmoja akasema.

"Huyo dereva kalewa!" mwingine akadakia.

Shingo ya shemeji ikalowa. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Safari hii niliushika makusudi.

"Shemeji," akaniita kwa sauti ya chini, "hebu njoo."

"Mimi kazi yangu kuwasha mashine, shemeji. Nimeshaiwasha."

Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Kijana, hili basi kachora nani?"

Shemeji akanigeukia, akitaka nijibu mimi. Nikafagia.

"Kachora yeye," akasema mwishowe.

"Hatukusikia," mzee akasema.

"Kachora yeye, mzee. Mimi sijui."

Akanyanyuka, akanipisha kiti. Nikakaa, nikafuta alama zake zote bila haraka, nikaweka zangu mbili. Basi likaja, likasimama Nakapanya. Mzee akasema mama atafurahi, inshallah.

Dada alininunia muda mrefu, akasema ningemstahi mumewe mbele ya wageni. Hadi leo sioni kwa nini ningemstahi. Nakumbuka tu kwamba alama ya kuondoka niliiweka mbali sana kuliko ilivyohitajika. Basi lilikaa pale kituoni, wazee wakilitazama, na shemeji akaendelea kusimama nyuma ya kiti changu.