Mama, Java na Treni ya Ubaoni

Kila mwaka wanafunzi wangu hapa Kindu huniuliza lugha ipi ya kutengenezea tovuti ni bora, Java, PHP, Python au JavaScript, na kila mwaka nawajibu kwa habari za mama yangu. Wanacheka. Na wacheke.

Baba alikuwa dereva wa treni. Vita vilipoanza alikuwa upande wa Kabalo, njia ikafungwa, akabaki huko. Mama kila asubuhi alipita gare, yaani stesheni, kabla ya kwenda sokoni, ingawa reli ilikuwa imeota majani na mbuzi wanakula. Jirani akimwambia "asiyekuwepo na lake halipo", mama alimtukana yeye na ukoo wake.

Mimi nilikuwa nasomea kompyuta. Kompyuta zenyewe askari walishazibeba, umeme hakuna, lakini mwalimu wetu alikuwa mkaidi. Programu aliiandika ubaoni kwa chaki, na sisi wanafunzi tukawa ndiyo vitu vilivyomo ndani yake: huyu tiketi, yule behewa. Siku moja akaandika klasi, yaani kielelezo cha treni: ijue kubeba, ijue kufika. Juu yake akaongeza neno abstract.

"Katika Java," akasema, "ukiandika hivi, kila mutu anajua treni inapaswa kufanya nini, lakini treni yenyewe hauwezi kuiunda."

Tukatazama dirishani, kule relini. Tulicheka mpaka machozi.

Jioni nikamsimulia mama. Yeye hakucheka. Kesho yake akaingia darasani na mwiko wa bugali mkononi, akamkabili mwalimu.

"Njo weye unafundisha batoto kwamba treni haitafika?"

"Mama, hii ni ya ubaoni tu..."

"Futa!" Akamgeukia mwanafunzi wa mbele. "Weye, alisema ama hakusema?"

Yule siku hiyo alikuwa anaigiza data ya siri. Akakaza mdomo.

"Hawezi kujibu, mama," mwalimu akaeleza, jasho linamtoka. "Katika Java, mutu wa nje hamugusi. Katika Python angewekewa tu kistari mbele ya jina, na batu bangemuacha kwa heshima."

"Basi fundisha hiyo ya batu benye heshima!"

Mwalimu akafuta abstract kwa mkono wa shati. Tukashikana viuno, tukaingia treni nzima kutoka mlangoni, tukipiga honi kwa midomo. Mama akatutazama mmoja mmoja hadi behewa la mwisho.

"Na bwana yangu iko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Ndiyo maana leo nawaambia wanafunzi: Java ni kama askari wa kizuizi cha barabarani, kabla hujaondoka anataka iandikwe kwamba wewe ni treni. PHP huuliza ukiiagiza iulize. Python na JavaScript, kwa mazoea yao, haziulizi ukoo. Unajua kubeba? Unajua kufika? Pita. Kama ulidanganya, utaaibikia njiani mbele ya watu.

Mama alikuwa wa hizi mbili za mwisho, ila hakujua.

Maana baba alirudi vita vilipotulia, kupitia Kibombo, akisukuma baiskeli iliyobeba madumu ya mawese. Alitokea uani amekonda, hata mbwa wetu akambwekea. Sisi watoto tukamrukia shingoni. Mama akasimama mlangoni, hakusogea.

"Hapana. Uliondokea ku gare, utafikia ku gare."

Jamani! Mtu ametembea pori zima! Baba akamtazama, akageuza baiskeli. Nilimfuata nikiwa na hasira na mama, hasira ya kweli. Majirani wakatufuata wakicheka.

Tulipofika gare mama alishatutangulia kwa njia ya mkato, amefunga kitenge kipya. Baba akasukuma baiskeli katikati ya majani, baina ya reli mbili, mpaka mbele yake. Mama akaikagua kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Akapokea mzigo.

"Imekawia sana," akasema. "Lakini imefika."

Kisha akalia.