Kigelegele Nilichokizuia

Mimi ni mtu wa kuota mchana. Nilikuwa nikipanga maboksi ghalani St Marys, kitongoji cha ughaibuni tulikohamia, huku najiona jukwaani, watu wananipigia makofi. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya ya mtaa aliponiuliza kama ningependa kuimba kwenye opera, nilikubali kabla hajamaliza. Opera yenyewe hata sikujua ni kitu gani.

Kumbe ni mchezo wa kuchekesha, Waingereza waliutunga zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Watu wanaongea, wanaimba, wanaongea tena. Mzee tajiri anataka kumwoza binti yake kwa mzee mwenzake, na binti ana kijana wake. Mimi nilikuwa mtumishi anayemficha yule kijana kabatini. Ubeti mmoja tu ndio niliouimba peke yangu, lakini niliuimba bafuni miezi miwili, mpaka mama mdogo, aliyenilea tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, akaukariri bila kujua maana yake.

"Jumamosi nitakutunza," akasema. Alikuwa ameshapiga pasi kanga mpya. Kwetu mwimbaji akikugusa moyo hukai tu. Unainuka, unapiga kigelegele, unamfuta jasho, unamvika kanga mabegani.

Nikaona aibu hata kabla ya siku yenyewe. "Mama, hapana. Kule si kanisani kwetu. Wazungu wanakaa kimya. Ukipiga kelele watatushangaa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata ukiimba vizuri?"

"Mama!"

Akacheka. "Haya, bwana mkubwa. Nitakuwa kama picha ya ukutani."

Nami sikuwa nimewahi kuhudhuria onyesho lolote la namna ile. Hayo ya ukimya niliyatoa kichwani mwangu tu.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa. Tangu wimbo wa kwanza watu walicheka kwa sauti, vikongwe wakagonga sakafu kwa mikongojo. Mzee tajiri alipoingia wakamzomea, naye akawatolea ulimi! Nilipomaliza ubeti wangu, bibi mmoja wa safu ya mbele akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Watu wakasimama. Nikamtafuta mama mdogo. Katikati ya waliosimama, yeye alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mkoba, midomo ameibana.

Kwenye maegesho akaniuliza, "Nimekaa vizuri?"

Hakuwa akinisuta. Alitaka kujua kweli.

"Umekaa vizuri, mama."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema nimekosea. Sikusema. Bado nilikuwa na poda usoni, wenzangu wananiita tupige picha, nikakimbilia picha. Onyesho la pili lilikuwa kesho yake. Asubuhi nikamwambia, "Njoo, leo fanya utakavyo." Akajibu ana shifti Bankstown, kwa wazee anaolipwa kuwahudumia, na ni kweli alikuwa nayo. Hapakuwa na la tatu.

Mwaka uliofuata jirani yetu Mrundi alimwoza binti yake. Bibi harusi akaingia, wanawake wote wakalipuka kwa vigelegele. Mama mdogo, ambaye zamani ndiye angeanza, akanigusa mkono.

"Hapa inaruhusiwa?" akaninong'oneza.

"Inaruhusiwa, mama. Piga. Piga sana!"

Akapiga kimoja, kifupi, mkono umefunika mdomo, halafu akanitazama kuona kama kimezidi.